Kompyuta Haisomwi kwa Vidole

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, vijana wetu kwa maelfu hufanya mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Tangu siku wanapoweka kalamu chini hadi mwezi wa Julai, wanapopokelewa kidato cha tano wale waliochaguliwa, hupita zaidi ya miezi saba ya kungojea. Wapo wanaosaidia dukani, wapo wanaorudi shamba, na wapo wanaoshinda barazani na simu mkononi. Wapo pia ambao wazazi wao, kwa nia njema kabisa, hujinyima na kuwapeleka mtaani kusoma kile kinachoitwa "kozi ya kompyuta". Baada ya miezi mitatu kijana hurudi na cheti chenye mhuri, mzazi humshukuru Mwenyezi Mungu, na majirani huambiwa kwamba mtoto wa fulani sasa amesoma kompyuta.

Katika toleo hili tumeona ni wajibu wetu kuzungumza na waumini juu ya jambo hili, kwa kuwa mlango wa masomo haya umepanuliwa kuliko ulivyokuwa zamani. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na cha sita, na kuzifanya tahasusi zote kuwa 65. Mzazi aliyezoea kusikia majina machache tu, leo huletewa orodha ndefu na kutakiwa ushauri na mwanawe. Miongoni mwa tahasusi zinazowavutia sana vijana ni ile ya Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Huvutia kwa jina lake, kwa kuwa kila kijana anaona kwamba dunia inaendeshwa kwa mashine hizi. Lakini wengi huiendea wakiwa na akiba moja tu, nayo ni kile cheti cha miezi mitatu. Na wanapofika darasani ndipo hugundua kwamba walijiandaa kwa safari nyingine.

Basi na ifahamike tangu mwanzo kwamba kutumia kompyuta ni jambo moja, na sayansi ya kompyuta ni jambo jingine. Kupiga chapa barua, kupanga hesabu katika majedwali, kutuma ujumbe na kuchapisha kadi za harusi ni stadi zenye faida, wala hatuzidharau, na wapo waliopata riziki ya halali kwazo. Hata hivyo, kujua kupanda basi hakumfanyi mtu kuwa fundi wa injini. Mwanafunzi wa kidato cha tano hatahiniwi kwa wepesi wa vidole vyake. Hutahiniwa kama anaweza kulichukua tatizo, akaligawa katika hatua, akazipanga hatua hizo kwa utaratibu usio na utata, kisha akathibitisha kwamba kila atakayezifuata, awe mtu au mashine, atafika kwenye jibu sahihi.

Hufundishwa, kwa mfano, namna mashine inavyohifadhi kila idadi kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Sisi tuna vidole kumi na tumezoea kuhesabu kwa makumi. Mashine ina swichi, nayo swichi ama imewashwa ama imezimwa. Kwa hiyo 13 yetu, kwake huwa 1101: yaani nane ipo, nne ipo, mbili haipo, moja ipo. Jumlisha nane, nne na moja, utapata kumi na tatu. Hufundishwa pia mantiki, yaani namna kauli mbili zinavyoungana kwa "na", kwa "au" na kwa "si", na jinsi majibu yake yanavyopangwa katika jedwali la ukweli. Hufundishwa kuandika programu kwa lugha kama C++, kupanga hifadhidata, na namna mashine zinavyowasiliana katika mtandao. Msomaji atazame: sifuri, jedwali, mantiki, hesabu. Maneno haya si mageni katika nyumba zetu wala katika madrasa zetu. Yamekuwa katika lugha yetu kabla ya mashine yoyote kufika katika pwani hii.

Tuchukue mfano mmoja ulio karibu nasi. Msikiti una daftari la waumini 1,000, na majina yamepangwa kwa taratibu ya alfabeti. Linatafutwa jina la mtu mmoja. Mtafutaji wa kwanza anaanza ukurasa wa mwanzo na kusoma jina baada ya jina. Akikosa bahati atasoma majina yote 1,000. Wa pili anafungua katikati, anatazama kama jina analolitaka liko kabla au baada, anaiacha nusu isiyohusika, kisha anafungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea vivyo hivyo. Huyu hatatazama zaidi ya mara kumi. Na kama daftari lingekuwa na majina milioni moja, mara ishirini zingemtosha. Wote wawili wana macho yaleyale na daftari lilelile; tofauti yao ni njia. Sayansi ya kompyuta ni elimu ya njia hizo, na mfano huu tumeueleza pasipo kuwasha mashine yoyote.

Njia ya namna hiyo, yenye hatua zilizopangwa, huitwa algorithimu, na asili ya jina hilo inatuhusu sana. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi takribani kati ya mwaka 780 na 850, na alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun. Maandishi yake juu ya hesabu kwa tarakimu za Kihindi yalipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake lilitamkwa kwa namna ya Walatini, na kutokana na matamshi hayo likapatikana neno linalotumika leo katika kila darasa la kompyuta duniani. Jina la kitabu chake kingine ndilo lililotupa neno aljebra. Na jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Bwana huyu hakuandika aljebra ili kuwasumbua watoto wa shule. Aliandika kwa kuwa watu walikuwa wakifa, wakiacha mali, na warithi walihitaji haki zao kwa hesabu isiyopotoka.

Aliyesoma mirathi madrasani ataelewa mara moja tunachokusudia. Mtu amefariki akaacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Hatua hizi hazipinduliwi. Kilichobaki ndicho hugawanywa. Huulizwa: je, marehemu ameacha mtoto? Ikiwa ndiyo, mke hupata thumni. Ikiwa siyo, hupata robo. Hapa mtoto yupo, basi mali hufanywa sehemu 24: mke huchukua 3, na katika 21 zilizobaki mtoto wa kiume huchukua 14 na wa kike 7. Hiyo ni algorithimu iliyokamilika: ina mambo yanayoingizwa, ina mpangilio wa hatua, ina masharti, na ina jibu linaloweza kuhakikiwa. Kijana aliyefundishwa hivyo kwa kuelewa, si kwa kukariri, tayari amekwisha kuonja somo analoliogopa.

Na ndani ya mirathi hiyohiyo mna fundisho kubwa zaidi. Mwanamke amefariki bila mtoto, akaacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wala hakuacha mrithi mwingine. Fungu la mume ni nusu, na fungu la dada wawili ni theluthi mbili. Mali ikifanywa sehemu 6, mume anadai 3 na dada wanadai 4. Jumla ni 7, na mali ni 6. Wanazuoni wengi wametatua jambo hili kwa kile kinachoitwa aul: sehemu huhesabiwa kuwa 7 badala ya 6, na kila mmoja hupungukiwa kwa uwiano, mume akachukua 3 na kila dada 2. Sasa mfikirie mwandishi wa programu ya kugawa mirathi asiyeijua hali hii. Programu yake itafanya kazi vizuri leo, na kesho, na mwaka mzima, mpaka siku itakapofika familia kama hii. Hapo itagawa shilingi saba kutoka katika mfuko wenye shilingi sita. Mashine haitaona haya wala haitasita. Kuziona mapema hali za namna hiyo, zile zinazotokea mara chache na kuvunja kila kitu, ndiyo kazi ngumu ya mwanasayansi wa kompyuta, na ndiyo inayopimwa katika mitihani ya kidato cha sita.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu limezuka swali jipya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoanza kuenea programu za akili mnemba zinazozungumza na mtu na kumwandikia anachokitaka, vijana wanauliza: ikiwa mashine yenyewe inaweza kuandika programu, tujisumbue kwa nini kuisoma elimu hii? Jibu letu ni kuwarudisha kwenye ule mfuko wa shilingi sita. Mashine huweza kuandika mgawanyo wa mirathi kwa maneno fasaha na kwa kujiamini, na ukawa na kosa ndani yake. Ni nani atakayeliona kosa? Ni yule tu anayeijua njia. Kadiri mashine zinavyozidi kutuandikia, ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu wa kuzikagua. Na jamii isiyokuwa na mtu huyo italazimika kuamini kila inachoambiwa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kinachowaangusha vijana wengi katika tahasusi hii si kukosa mashine, bali ni Hisabati. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya kila wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Huu ndio mlango, na ni mwembamba kiasi hicho. Mzazi anayemnunulia mwanawe kompyuta ya mapajani ilhali mwana huyo hajui kushughulika na sehemu na aljebra, amempa jembe mtu asiyekuwa na shamba. Na muda nao ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Husemwa kwamba kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili. Lakini masomo huanza Julai, na mtihani wa mwisho hufanywa Mei ya mwaka wa pili baadaye. Ukiondoa likizo na mitihani ya majaribio, hakuna nafasi ya kurudi nyuma kujifunza yaliyopotezwa kidato cha pili.

Wapo ndugu zetu wenye khofu ya namna nyingine. Husema kwamba kompyuta na intaneti ni njia ya maovu, na kwamba ni salama zaidi kumweka kijana mbali nazo. Hatuipuuzi khofu yao. Maovu yamo, na mzazi mwangalifu ana haki ya kujua mwanawe anatazama nini na usiku wa saa ngapi. Lakini tunawaomba waitazame historia ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu za serikali ulioendeshwa kwa mashine hizo kushindwa na kuleta hasara. Katika miaka ya 1980 katazo hilo likaanza kulegezwa. Mashine iliyolaumiwa ilikuwa imefanya kile ilichoagizwa. Kilichopungua ni wataalamu wetu wenyewe wa kuiagiza na kuikagua. Na kwa kuufunga mlango, wataalamu hao hawakuongezeka. Leo mlango haufungiki tena. Muumini anatuma sadaka kwa simu, mkulima anapokea malipo kwa simu, hospitali inaweka kumbukumbu za mgonjwa katika kompyuta. Hiari iliyobaki ni moja tu: ama tuwe na watoto wanaoelewa yanayofanyika humo ndani, ama tuwe watu wa kubofya na kungojea.

Jambo la mabinti zetu nalo lisemwe waziwazi. Katika nyumba nyingi, kijana wa kiume akisema anataka Sayansi ya Kompyuta hupongezwa. Binti akisema hivyo huulizwa kama hakuona tahasusi iliyo nyepesi zaidi. Hakuna katika dini wala katika akili sababu ya swali hilo. Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari alipotwaa medali ya dhahabu katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 1994, akairudia mwaka 1995. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa Medali ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya wanahisabati. Kama wazazi wake wangemtafutia kilicho chepesi, ulimwengu usingemjua. Isitoshe, elimu hii humpa mwanamke kazi anayoweza kuifanya akiwa mahali penye sitara na utulivu, jambo ambalo wazazi wengi wanalitaka kwa mabinti zao.

Basi tufanye nini? Tunanasihi mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje.

La kwanza, ile miezi ya kungojea isiachwe ipotee. Kila jamaa ya msikiti ina walimu wa Hisabati, wahasibu, mafundi wa umeme na wahitimu wa vyuo. Wapangwe kwa zamu, na chumba cha madrasa kifunguliwe baada ya sala ya Alasiri, siku tatu kwa wiki, kuanzia Desemba hadi Juni. Yafundishwe aljebra, mantiki na hatua za kutatua matatizo, kwa ubao na chaki. Kijana atakayeweza kuandika kwenye daftari lake, kwa Kiswahili safi, hatua zote za kugawa mirathi pamoja na masharti yake, atafika kidato cha tano akiwa mbele ya mwenye cheti chenye mhuri.

La pili, mashine moja iliyotumika, ikiwa nzima, huwatosha vijana wanne wakipeana zamu. Zana za kuandikia programu kwa C++ au Python hupatikana bure bila kuvunja haki ya mtu. Iwekwe mahali pa wazi, mbele ya macho ya mwalimu, na hapo khofu ya maovu itapungua yenyewe.

La tatu, kabla ya kuichagua tahasusi hii, mzazi aulize kuhusu shule zinazoifundisha: je, yupo mwalimu wa Sayansi ya Kompyuta aliyesomea fani hiyo? Maabara ina mashine ngapi zinazofanya kazi, na kwa wanafunzi wangapi? Umeme ukikatika hufanyika nini? Waliotangulia walipata matokeo gani? Si utovu wa adabu kuuliza, ni amana. Na majibu yakiwa mabaya, kijana asikate tamaa. Vyuo vikuu vyetu hupokea katika shahada ya sayansi ya kompyuta wanafunzi waliosoma Fizikia, Kemia na Hisabati, ambao sekondari hawakupata kulisoma somo la kompyuta hata siku moja. Mwenye Hisabati madhubuti atafika kwa njia yoyote. Asiye nayo atasumbuka hata shuleni mwake kukiwa na mashine mia.

La nne ni la wazazi peke yao. Tuache kuwauliza vijana wetu kama "wamesoma kompyuta". Tuwaulize ni tatizo gani wamelitatua wiki hii, na watueleze kwa hatua. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza maelezo ya mwanawe na kutambua mahali yanapokatika. Mtoto akiweza kumweleza bibi yake njia ya kulitafuta jina katika daftari la majina 1,000, na bibi akaelewa, basi mtoto huyo ameelewa.

Mashine hizi tutaendelea kuzinunua kwa wengine kwa muda mrefu ujao; hilo halina budi. Lakini fikra ya kuzitumikisha haiagizwi kutoka nje. Ilipata kuwa Baghdad, katika kitabu cha mtu aliyetaka mjane na yatima wapate mafungu yao kamili, na haina kizuizi chochote cha kuwa katika kijiji chetu, chini ya taa moja, kwenye ubao wa madrasa. Desemba haiko mbali. Maimamu, walimu na kamati za misikiti wanaombwa walijadili jambo hili katika vikao vyao vya mwezi huu, na wateue mtu wa kulisimamia kabla vijana hawajaweka kalamu chini.

Wabillahi tawfiq.